Darsa ya Kuhudhurisha Moyo, na Faida Zake kwa Mwili, Akili na Roho

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mtu kwa udongo akampulizia roho, akampa akili ya kuzingatia na ulimi wa kutaja. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wa pwani wametuuliza, kwa barua na kwa mdomo, masala ya kukaa kimya na kuhudhurisha moyo, jambo ambalo siku hizi limekuwa mashuhuri. Wasema: Twaona watu wa Ulaya na Marekani wanakaa chini, wamefumba macho, wanavuta pumzi polepole, na matabibu wao wanashuhudia kwamba jambo hilo lafaa mwili na akili. Je, katika dini yetu limo jambo mfano wa hilo? Na ikiwa limo, je, ni kweli kwamba huponya maradhi? Na mmoja katika wao, muungwana wa Tanga, akaongeza swali la tatu: Mwenye ugonjwa wa presha atosheke na uradi wake, akaacha vidonge?

Swali hili la tatu ndilo lililonishikisha kalamu. Mimi nipo Ilembo, katika mji wa Mpanda, mkoa wa Katavi, mbali na bahari. Na hapa Ilembo nilipata kulijibu swali hilo kabla ya kuulizwa, nikalijibu vibaya, na mtu akadhurika kwa jawabu langu. Khabari yake nitaieleza mahali pake. Kwanza yatupasa tuyajue maneno, kwani mwenye kuchanganya maneno huchanganya hukumu.

Jua, ewe ndugu yangu, kwamba maulamaa wetu wana maneno matatu yakaribianayo. La kwanza ni dhikri, nayo ni kumtaja Mungu kwa ulimi au kwa moyo, na iliyo bora ni ile ya vyote viwili pamoja. La pili ni tafakuri, nayo ni kuipitisha akili katika jambo mpaka ilete elimu ambayo haikuwapo. Mathalan mtu kuitazama mbegu ya embe, akafikiri jinsi mti mzima ulivyokunjwa ndani yake. La tatu ni muraqaba, nayo ni mtu kukaa, au kutembea, au kuuza dukani mwake, hali anajua kwamba Mola wake anamwona. Asili ya muraqaba ni hadithi ya Jibrili aliposhuka kwa sura ya mgeni, akamwuliza Mtume s.a.w. maana ya ihsani. Na jawabu aijua kila aliyekaa chuoni, kwamba ni kumwabudu Mungu mfano wa mtu amwonaye, na ikiwa yeye hamwoni, basi asisahau kwamba anaonekana.

Hapa ndipo ilipo tafauti baina yetu na wale walioulizwa khabari zao. Wengi wao hufundisha kuitazama pumzi, basi, haitajwi anayeipuliza. Nasi hatuwatukani kwa hilo. Pumzi ni kiumbe cha Mungu, na kuitazama ni mubaha maadamu hamna ndani yake kuabudu kisichokuwa Yeye. Walakini kikao chetu kina anayekusudiwa. Moyo wetu hautulizwi ili utulie tu, bali hutulizwa ili uelekee, kama vile nahodha atulizavyo chombo apate kukiweka mbele ya mlango wa bandari.

Dalili katika Kitabu ni nyingi. Mwenye kutaka na asome Sura ya Aali Imrani, aya ya 190 na ya 191, aone jinsi walivyosifiwa wenye akili kwa mambo mawili yaliyofungwa pamoja, kumtaja Mungu katika kila hali ya mwili, kusimama na kukaa na kulala, na kufikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Kisha na asome Sura ya Raadi, aya ya 28, juu ya utulivu wa nyoyo. Na kabla ya wahyi kushuka, Mtume wetu alikuwa akipanda jabali la Hiraa nje ya Makka, akikaa pangoni masiku mengi peke yake, kisha akirudi nyumbani kuchukua chakula. Tena zipo kumi za mwisho za Ramadhani, na itikafu yake. Basi mwenye kusema kwamba kukaa kimya ni jambo la kuazima kwa wageni, huyo ameisahau nyumba yake mwenyewe.

Ama kwamba moyo, akili na mwili vimefungamana, sijui kisa kilicho wazi kuliko cha Imamu Abu Hamid Al-Ghazali, Mungu amrehemu. Naye alikisimulia mwenyewe katika kitabu chake kiitwacho Al-Munqidh min ad-Dalal. Alikuwa mwalimu mkubwa wa madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, ana wanafunzi mamia, ana jaha mbele ya wakubwa. Mwaka 488 wa Hijra, nao ni 1095 wa Miladi, akaanza kujihoji: elimu hii naisomesha kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya jina? Muda wa karibu miezi sita akawa akivutwa huku na huku, leo ataka kuondoka, kesho ataka kubaki. Hata siku moja ulimi wake ukafungika. Akawa akijilazimisha kusomesha walau darasa moja apate kuwafurahisha wanafunzi, neno halitoki. Kisha huzuni ikashuka mpaka tumboni, akawa hamezi chakula wala kinywaji, nguvu zikamwisha. Matabibu wakamtazama wakakata tamaa. Wakasema kwamba jambo hili limeanzia moyoni, na kutoka huko limeingia katika mwili, na dawa haitapata njia mpaka moyo upumzike.

Basi akaacha kazi, akagawa mali yake illa ya kutosha watoto, akaenda Sham. Akakaa huko kiasi cha miaka miwili, akipanda mnara wa msikiti wa Dimashki na kujifungia humo mchana kutwa. Hakurudi kusomesha hadharani illa baada ya miaka kumi na kitu, huko Nisabur. Na katika miaka hiyo ndipo kilipopatikana kitabu cha Ihya Ulumi d-Dini, ambacho kina sehemu arubaini. Sehemu ya 38 ni ya muraqaba na kuihesabu nafsi, na ya 39 ni ya tafakuri. Angalia, ndugu yangu, mpango wake. Muraqaba ameiweka pamoja na hesabu. Nitalirudia hili mbele, kwani watu wengi hulipita.

Na kabla ya Ghazali alikuwako tabibu na mwanachuoni wa Balkh, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, jina lake Abu Zayd Al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 wa Hijra, yaani 934 wa Miladi. Huyu alitunga kitabu cha kuuguza miili na nafsi, akakigawa sehemu mbili, moja ya mwili na moja ya nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuiacha hii ya pili. Rai yake moja ni nzuri mno: kwamba kama vile mtu mwenye busara awekavyo dawa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa wa ghafula, ndivyo impasavyo kuweka fikira njema moyoni siku ya afya, ili siku ya hofu au huzuni azikute tayari. Maana siku ya huzuni mtu hawezi kwenda kuzitafuta. Nami naona katika neno hili siri ya nyiradi za kila siku. Hatuleti uradi wa asubuhi kwa kuwa asubuhi hiyo tuna msiba. Twauleta ili ulimi uijue njia.

Na jambo hili lilifikaje huku bara? Waungwana wa pwani, msidhani kwamba elimu ilikwenda upande mmoja tu. Kweli Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, alikuwa katika waliotangulia kuieneza tarika ya Qadiriya Unguja na mrima, na makhalifa na wanafunzi wakaipeleka kwa njia ya misafara mpaka Tabora na Ujiji. Walakini mtazameni Sheikh Yahya bin Abdallah, mashuhuri kwa jina la Ramiya, aliyekufa Bagamoyo mwaka 1931. Alikuwa mtu wa Manyema, ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Aliletwa pwani mtoto, katika utumwa. Mtoto huyo akasoma, akawa khalifa wa Qadiriya, na watu wa Bagamoyo wakakaa chini ya miguu yake kujifunza dhikri. Nalitaja hili kwa sababu barua moja katika zile nilizoletewa iliuliza, kwa mzaha kidogo, watu wa huko porini watajua nini katika mambo ya moyo.

Porini tupo kweli. Mpanda imefikiwa na reli itokayo Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ule ulikwisha zamani, reli imebaki. Pande zote ni msitu wa miombo, na katika msitu huo kazi moja ya heshima ni ya nyuki. Watu huchuna gome la mti wa mtundu, wakalishona mzinga, wakaupandisha juu ya mti mrefu. Na wakati wa kurina hupanda usiku, kwa kamba na kwa moshi.

Sasa nieleze wasemavyo matabibu wa leo, kisha nifike kwenye kisa.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kiasi cha mara kumi na mbili mpaka ishirini kwa dakika. Upo mshipa mrefu wa fahamu utokao katika ubongo, ukapita shingoni, ukafika moyoni na tumboni. Kazi yake moja ni kuupunguza mwendo wa moyo. Mtu atoapo pumzi nje, mshipa huu hupata nguvu na moyo huenda polepole. Aivutapo ndani, moyo huongeza mwendo kidogo. Kwa hiyo mwenye kurefusha utoaji wa pumzi huupa moyo wake nafasi ya kupumzika. Mwaka 2001 matabibu wa Italia, mkubwa wao Luciano Bernardi, waliwapima watu 23 wazima katika kusoma sala ya tasbihi ya Wakristo kwa Kilatini, na katika kusoma maneno ya Wahindi. Wakaona kwamba yote mawili hushusha pumzi mpaka kiasi cha mara sita kwa dakika, na kwamba kwa mwendo huo mwili huidhibiti vyema nguvu ya damu. Hao hawakupima uradi wetu, wala mimi sitawasingizia kwamba wameupima. Lakini mwenye kusoma istighfari kwa utulivu, neno kwa neno, pumzi yake haina budi kushuka. Jambo hilo kila mtu aweza kulijaribu kwa saa yake.

Mwaka 1975 tabibu wa Boston, Herbert Benson, alikwisha andika kitabu juu ya hali hii ya mwili kupumzika kwa kukariri neno moja, akasema kwamba ni kinyume cha ile hali ya mwili kujiandaa kupigana au kukimbia. Na mwaka 2014 wataalamu wa Marekani walikusanya majaribio 47 ya watu 3,515. Wakaona kwamba kukaa huku hupunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi cha wastani. Wala hawakuona dalili kwamba kwashinda dawa au mazoezi ya mwili. Kisha mwaka 2017 chama cha Marekani cha maradhi ya moyo kikatoa rai yake: kukaa kimya kwaweza kuongezwa juu ya matibabu, na faida yake katika nguvu ya damu si kubwa, kusiwekwe mahali pa dawa. Laiti ningaliisoma rai hiyo mapema.

Kisa chenyewe ni hiki.

Palikuwa hapa Ilembo mzee mmoja mrina asali, mtu wa sala na wa maneno machache. Alikuwa akija darasani kwangu baada ya Isha. Usiku mmoja nikawa naeleza faida za dhikri. Watu walikuwa wengi, nami nikapendezwa na sauti yangu, nikasema: Dhikri ni dawa ya kila ugonjwa. Nikaishia hapo. Sikufasili kwamba kusudio la maulamaa katika maneno kama hayo ni maradhi ya moyo, kiburi na hasadi na kughafilika. Wala sikutaja kwamba Mtume s.a.w. mwenyewe alitibiwa, na akatuamrisha kutafuta dawa. Mzee yule alikuwa na presha, na zahanati walimpa vidonge vya kumeza kila siku. Akaenda nyumbani na neno langu.

Akaanza kukaa kila alfajiri. Kwa hakika akapata faida. Usingizi ukamrudia, na ugomvi wake na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba ukaisha kwa yeye kwenda kuomba radhi. Akajiona amepona, akaacha vidonge. Miezi minne baadaye, kabla ya adhana ya alfajiri, akaanguka mahali pa kutawadhia. Kiharusi kikamchukua upande wa kulia. Alipata kuishi, alhamdulillahi, lakini mkono ule haushiki kamba tena, na mizinga yake yarinwa na watoto wa ndugu yake.

Nilipokwenda kumtazama hospitali, ulimi wake ulikuwa bado mzito. Akaniambia, "Maalimu, nilifuata neno lako." Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa akinieleza sababu, kama mtu amwelezavyo tabibu.

Usiku ule sikulala. Nikafungua vitabu kujitafutia udhuru, nikakuta vyote vinanishuhudia vibaya. Nikaikuta ile hadithi ya mbedui na ngamia wake, kwamba hufungwa kwanza, kisha ndipo mtu hutawakali. Nikaikuta khabari ya Salman na Abu Dardai, Salman alipomzuia nduguye asikeshe usiku kucha na asifunge kila siku, akamkumbusha kwamba Mola ana haki, na nafsi ina haki, na watu wa nyumba wana haki, na Mtume akamsadikisha. Mambo haya nilikuwa nimeyasomesha kwa ulimi wangu mwenyewe miaka na miaka.

Tena nikaenda kwa tabibu nikamwuliza ilikuwaje mtu ajione mzima kabisa kisha aanguke. Akanifahamisha kwamba presha kwa kawaida haina kelele. Mwenye nayo aweza kulala vizuri, kichwa kisimuume, moyo wake umetulia, na damu yake i juu vilevile; haijulikani illa kwa kupimwa kwa chombo. Basi utulivu wa moyo si ushahidi wa mishipa. Ndugu muungwana wa Tanga, hilo ndilo jawabu lako: leta uradi wako, na umeze vidonge vyako, na upimwe, na ikiwa baada ya kupimwa tabibu ataona inafaa kupunguza, hilo ni lake kuamua, si langu wala la sheikh mwingine. Na kumeza kidonge kwa kuitunza amana ya mwili kwaweza kuwa ibada, nia ikisihi.

Nalisimama baada ya Isha, katika safu zilezile, nikawaambia watu kwamba nilikosea na nilikosea wapi. Vijana wawili wakaja faragha wakaniuliza, je, basi dhikri haina faida? Nikaona kwamba kosa moja lataka kuzaa la pili kinyume chake. Ndipo nikamwomba mzee mwenyewe, alipopata nguvu, aseme.

Akasema kwa lugha yake ya kazi. Nyuki, akasema, hawapendi pumzi ya mtu. Ukifika juu ya mti nawe unahema kwa hofu au kwa haraka, ukaipulizia mlango wa mzinga, hutoka wote. Kwa hiyo mrina hujifunza kungoja juu ya tawi mpaka pumzi yake itulie, gizani, kamba kiunoni. Hafikiri asali wala bei. "Mimi nilikuwa nangoja vile tangu ujanani," akasema, "lakini nilikuwa nangoja asali. Sasa siwezi kupanda. Nangoja tu, na Mola ananiona." Kisha akaongeza, na watu wakacheka, kwamba hata wakati ule wa kungoja hakuwahi kuifungua kamba kiunoni kwa sababu ya utulivu.

Mimi nina vitabu, naye hana. Walakini maana ya ihsani sijapata kuieleza vizuri kuliko vile.

Sasa tuseme namna ya kukaa, kwa atakaye. Na ijulikane kwamba namna hii si sharia ya lazima. Ni msaada tu, na mwenye njia aliyopokea kwa sheikh wake na aifuate hiyo.

Wakati mzuri ni baada ya sala ya Alfajiri kabla ya jua kupanda, au kabla ya kulala. Tawadha, kaa kwa kuelekea kibla. Mwenye magoti mabovu na akae kitini; mwili uliobanwa hauhudhurishi moyo, bali hulalamika. Anza na istighfari, ukiitoa polepole. Kisha acha pumzi iingie puani bila ya kuilazimisha, na uitoapo nje uitoe kwa urefu pamoja na kalima ya tauhidi, kwa sauti usikiayo wewe tu. Dakika kumi zatosha kwa mwanafunzi. Mwenye kuanza kwa saa nzima huacha baada ya siku tatu, nimewaona wengi.

Mawazo yatakuja. Usipigane nayo wala usiyafuate. Rudi kwenye kalima, na kila kurudi kuna thawabu yake, inshallah. Lakini yako mawazo ya namna nyingine, nayo ndiyo niliyoahidi kuyarudia. Mara nyingi moyo ukitulia, kitu cha kwanza kuelea juu yake ni haki ya mtu: deni la duka, neno baya ulilomwambia mkeo, mizani uliyoipunguza, ndugu usiyesema naye tangu matanga ya mwaka juzi. Watu hudhani hayo ni wasiwasi wa Shetani, wakayafukuza. Hayo ni hesabu. Imamu Ghazali ameifananisha nafsi na mshirika wa biashara: asubuhi huwekewa sharti, mchana huangaliwa, na jioni hufanyiwa hesabu, faida na khasara. Nanyi watu wa pwani, watoto wa wafanyi biashara, mwajua kwamba mshirika asiyehesabiwa hula rasilimali. Basi umalizapo kikao, liandike deni lile, na ulilipe siku hiyohiyo. Mzee wetu aliyekwenda kuomba radhi kwa jirani alikuwa amefahamu jambo hili bila ya kuambiwa. Na hapa ndipo akili inapopata raha yake. Kwani nusu ya fikira zituamshazo usiku wa manane si maradhi, ni madeni.

Kuna mambo matatu ya kutahadhari, nami nitayasema kwa ufupi.

Wako wapendao dhikri ya pumzi za nguvu na za haraka, na khitilafu ya maulamaa juu yake ni ndefu, wala darsa hii si mahali pake. Nasema la mwili tu. Mwenye kuhema kwa nguvu kwa muda hutoa ndani yake hewa ya kaboni kupita kiasi. Mishipa ya ubongo hubanwa, kichwa huzunguka, vidole hufa ganzi. Asidhani kila kizunguzungu ni hali ya kiroho. Na mwenye moyo mgonjwa, au kifafa, na ajiepushe na namna hiyo.

La pili, mtu aliyepatwa na huzuni nzito, au aonaye mambo wasiyoyaona wenziwe, au mwenye wasiwasi wa kurudia udhu mara kumi, asijifungie peke yake kwa siku nyingi. Ghazali mwenyewe ameonya juu ya kuingia khalwa kabla ya elimu, mtu asije akashikwa na mawazo yake akayadhani ni ufunuo. Mtu kama huyo na akae pamoja na jamaa, sala za jamaa zitamfaa zaidi, na apelekwe kwa tabibu wa maradhi ya akili kama apelekwavyo mwenye homa.

La tatu ni la huku kwetu. Mkoa huu na mbuga yake mashuhuri vimechukua jina la Katabi, ambaye Wabende husimulia kwamba ni roho ikaayo katika mkwaju kando ya ziwa Katavi, na watu huacha sadaka chini ya mti ule. Ni masimulizi ya wenyeji, na wageni hupelekwa kuuona. Mwislamu akifika pale na autazame mkwaju kwa tafakuri kama atazamavyo kila mti: jinsi unavyoishi kiangazi chote na maji yamekauka, jinsi kiboko na mamba wanavyolundikana topeni wakingoja mvua ya Novemba. Asiuombe kitu.

Yule mzee yu hai hata niandikapo haya. Huletwa msikitini na mjukuu wake kwa baiskeli, hukaa karibu na nguzo ya kushoto, na tasbihi huihesabu kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia haumtii. Katika mfuko wa kanzu yake mna kikaratasi cha vidonge. Baada ya Alfajiri mjukuu humletea maji, humeza kimoja, akasema bismillahi, kisha ndipo hufumba macho.

Wabillahi ttaufiki, na Allah ndiye ajuaye zaidi.